Nani Hufungwa Kitandani?

Binamu yangu alifungwa mikono yote miwili kwa bendeji kwenye kitanda cha chumba cha dharura, na kosa lake lilikuwa sukari kushuka.

Anaendesha boda. Jioni hiyo alijidunga insulini yake kama kawaida, wateja wakaingia mfululizo, akasahau kula. Saa sita usiku polisi walimkuta kando ya barabara akiitukana pikipiki. Wakampakia kwenye Land Cruiser, wakamshusha hospitalini na neno moja: mlevi. Hilo ndilo lililoandikwa kwenye faili. Alipoanza kurusha mikono, wakaitwa masoja wawili wa getini.

Wenzake wa stegi ndio walitupigia simu. Tulifika saa nane na shangazi, mamake, na siku hiyo shangazi hakusalimia mtu. "Mmempima sukari?" Hakuna aliyekuwa amempima. Mashine ilikuwa hapo mezani. Tone moja la damu, sekunde chache: 1.8. Wakamwekea glukosi kwenye mshipa, na baada ya muda mfupi alikuwa anauliza nani amebaki na pikipiki yake.

"Lakini alikuwa anasumbua," nesi akaniambia.

Alikuwa anasumbua, sikatai. Ila kitanda cha pili kulikuwa na mzee wa suti, ananuka wiski, anatukana kumshinda binamu yangu, anaapa atampiga daktari kofi. Huyo alikuwa na mke, vijana wawili na kadi ya bima. Aliitwa "mzee wetu", akashikwa bega, akabembelezwa mpaka akalala. Hakuna soja aliyeitwa.

Sasa usiniambie kufunga mtu ni uamuzi wa kidaktari tu. Kuna wakati ni lazima, ndio. Nimeona mgonjwa akimfukuza nesi na stendi ya dripu, na nesi naye ni mtoto wa mtu. Lakini mara nyingi kinachoamua ni umeletwa na nani, umevaa nini, una ndugu wa kukusemea au huna. Marekani wamechunguza jambo hili, na tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba wagonjwa weusi hufungwa kuliko weupe. Wanaume pia hufungwa zaidi, na wasio na makao. Huku kwetu karibu sote ni weusi, kwa hivyo tumetafuta alama zetu: harufu ya chang'aa, viatu vya matope, gari la polisi. Na kama faili yako ya zamani imeandikwa neno "akili", kwisha wewe. Hata ukiuliza choo kiko wapi, utaambiwa umeanza tena.

Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu apigane. Jeraha la kichwa pia, homa ya uti wa mgongo, kifafa kikishaachilia, pombe ikikatwa ghafla, oksijeni ikipungua. Ukimfunga huyo mtu chali kabla ya kumpima, umenyamazisha kengele na moto bado unawaka. Akitapika katika hali hiyo anaweza kusakamwa na matapishi yake mwenyewe.

Najua jibu litakuwa nini: wafanyakazi hawatoshi. Kweli hawatoshi, na serikali iajiri. Lakini kutoboa kidole ni kazi fupi kuliko kutafuta masoja wawili na bendeji nne. Na kuandika nani ameamuru mtu afungwe, saa ngapi, kwa sababu gani, na atafunguliwa lini, kunahitaji kalamu tu. Kwenye faili ya binamu yangu hakukuwa na hata mstari mmoja kuhusu zile bendeji. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kutendewa kikatili au kwa njia ya kumdhalilisha, na sijaona pahali kimeandika "isipokuwa mtu wa boda".

Alama za mikononi zilikaa wiki mbili. Siku hizi nyuma ya reflekta yake ameandika kwa maka nyeusi: NINA UGONJWA WA SUKARI. SIJALEWA. Shangazi anataka aongeze na nambari yake ya simu.