BUSTANI YA NYUMBANI: Madoa Meusi ya Mwaridi

Hakuna ua lipambalo uso wa nyumba kama waridi, wala hakuna mmea uwavunjao moyo watunzaji wake upesi kama mwaridi mvua zinapoanza. Majani yaliyokuwa ya kijani kibichi huingia madoa meusi, hugeuka manjano, kisha hupukutika hata shina likabaki tupu. Hapo mwenye nyumba mmoja huung'oa mmea na kuutupa. Mwingine hununua dawa ya wadudu kwa fedha ambayo ingalitosha sabuni au madaftari ya watoto, na asione nafuu yo yote. Kosa la wote wawili ni moja: wamemshambulia adui kabla ya kumtambua.

Adui mwenyewe, mara nyingi, ni kuvu iitwayo Diplocarpon rosae. Ilielezwa kwa mara ya kwanza huko Uswidi mwaka 1815, na mwaka 1912 mtaalamu wa Marekani, Frederick A. Wolf, ndiye aliyeipa jina hilo. Kuvu si mdudu. Haina mdomo wa kutafunia wala miguu ya kutembelea. Hupenyeza nyuzi zake ndani ya jani na kujilisha humo. Kwa hiyo dawa iuayo wadudu haiidhuru hata kidogo.

Kuitambua kwahitaji macho tu, na subira. Doa lake huwa jeusi au la hudhurungi iliyokolea, la mviringo, upande wa juu wa jani, lenye upana wa milimita 2 hadi 12. Ukingo wake ndio shahidi mkuu: haukukatwa sawasawa, bali una nyuzinyuzi, mithili ya tone la wino lililoangukia karatasi ya kufyonzea. Baadaye jani huwa la manjano kulizunguka doa, kisha huanguka. Kwa kawaida majani ya chini hutangulia kushikwa. Mwenye kioo cha kukuzia ataona ndani ya doa vipele vyeusi vidogo mno. Humo ndimo zinamotoka mbegu za kuvu.

Yapo madoa mengine yafananayo na hayo. Doa dogo lenye kitovu cha kijivu na ukingo wa zambarau huenda likawa la kuvu za jamii ya Cercospora. Doa ambalo kitovu chake hupauka, kikakauka na kudondoka, likaacha tundu, nalo ukingo wake ni laini, huelekea kuwa la kuvu iitwayo Sphaceloma rosarum. Unga wa rangi ya machungwa chini ya jani ni kutu. Na weupe kama unga wa ngano juu ya machipukizi ni ubwiri. Pale macho yanaposhindwa kuamua, hadubini hukata shauri: mbegu ya Diplocarpon haina rangi nayo ina vyumba viwili, hali ile ya Cercospora ni ndefu na nyembamba, yenye vyumba vingi.

Baada ya kumjua adui, yafaa kuijua njia apitayo. Mbegu za kuvu hii hurushwa na matone ya mvua kutoka jani hata jani, na haziwezi kuota mpaka jani limekaa na maji kwa muda wa saa 7 hivi au zaidi. Madoa huonekana baada ya siku 3 hadi majuma mawili. Katika nchi za baridi kali mwaridi hupoteza majani, na ugonjwa ukapungua kwa muda. Lakini Uganda, ambako mmea una majani mwaka mzima, kuvu haina likizo. Ndiyo sababu miezi ya Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, huwa ya hatari kwa bustani za kusini mwa nchi.

Basi mtunzaji mwenye busara humwagilia asubuhi, tena penye mizizi, si juu ya majani. Huokota majani yaliyoanguka na kuyachoma au kuyafukia mbali. Hupunguza matawi yaliyosongamana ili upepo upite, wala hapandi miwaridi kwa kubanana. Dawa ya kuvu, kama vile ya salfa au ya shaba, hulinda majani ambayo bado ni safi, lakini haifuti doa lililokwisha kuingia. Hivyo hunyunyizwa mapema, kabla ugonjwa haujaenea, na salfa isinyunyizwe katika jua kali kwa kuwa huunguza majani. Vipimo vifuatwe kama vilivyoandikwa, na mikono ioshwe kwa sabuni. Dawa isiwekwe kamwe katika chupa ya soda, maana mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

Jambo moja linawahusu hasa jamaa za askari. Amri ya uhamisho inapofika, akina mama wengi hukata vijiti vya mwaridi ili wakavipande katika makao mapya. Desturi hiyo ni nzuri, kwani nyumba ngeni hupata harufu ya nyumba ya zamani. Lakini kuvu hii hukaa katika magome ya vijiti vichanga pia, ambapo huacha mabaka ya zambarau au meusi. Kijiti chenye mabaka huupeleka ugonjwa kambi nyingine, na jirani ambaye bustani yake ilikuwa safi akaupokea bila kujua. Vichaguliwe vijiti visivyo na waa, majani yote yaondolewe, na kisu kisafishwe kabla ya kukata. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wenyewe, mara hii, si mkubwa kuliko kichwa cha msumari.