Maoni Yetu: Idadi ya wauguzi iandikwe mkatabani

Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia hana nguvu za kunyonya. Hulishwa kwa mrija mwembamba unaoshuka hadi tumboni, mara nyingi kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Kabla ya kila mlo muuguzi hukagua kama mrija umehama, kwa sababu ukiingia njia ya hewa maziwa yataishia mapafuni. Kisha huyaacha yateremke yenyewe polepole, bila kuyasukuma. Tuseme kazi hiyo inachukua dakika kumi. Muuguzi mmoja akiachiwa watoto 24, atamaliza duru moja kwa saa nne, ilhali duru ya pili ilifaa kuanza saa moja nyuma. Na hapo hajampima yeyote joto, hajabadilisha dripu, hajampokea mtoto anayeletwa mbio kutoka chumba cha upasuaji, wala yeye mwenyewe hajapata nafasi ya kwenda msalani.

Mwaka 2020 watafiti waliokuwa wameketi kando ya vitanda vya watoto wachanga katika vituo sita vya afya jijini Nairobi, wakinakili kila huduma iliyotolewa na kila iliyorukwa, walichapisha walichokiona. Kwa wastani, mtoto alipata takriban asilimia 60 tu ya huduma za uuguzi alizohitaji. Katika wodi za aina hii, pengo hilo huzibwa na mama mwenyewe, aliyejifungua juzi na mshono ungali mbichi. Ndiye anayeshika bomba la maziwa huku akimtupia sista jicho la kuomba msaada, na sista yuko kitanda cha pili kutoka mwisho, mikono yote miwili ikiwa kazini.

Muuguzi anayeungana na wenzake kudai wauguzi waongezwe kazini, basi, anamtetea mgonjwa. Tunalisema hili wazi kwa sababu kila wauguzi wanapoinua sauti nchini huambiwa kwamba wana tamaa ya pesa na hawana utu.

Haki ya kuungana haikuwajia kirahisi. Machi 2012 serikali ilitangaza kuwafuta kazi wahudumu wa afya 25,000 waliokuwa wamegoma, wengi wao wauguzi, kabla ya kuwarejesha. Katiba ya 2010 ilikuwa tayari imesema katika Kifungu cha 41 kwamba kila mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Hata hivyo wauguzi walilazimika kupigania mahakamani usajili wa chama chao cha kitaifa, KNUN, hadi kilipotambuliwa mwaka 2013. Mwaka huo huo huduma za afya ziliteremshwa kwa kaunti 47, na muuguzi akajikuta na mwajiri mpya: gavana.

Kisha ukaja mgomo wa 2017. Wauguzi waliondoka wodini Juni na kurejea mwanzoni mwa Novemba. Miezi mitano! Mzozo ulihusu mkataba wa pamoja wa ajira ambao Tume ya Kuratibu Mishahara ilisema gharama zake hazibebeki. Wenye uwezo walikwenda hospitali za kibinafsi. Maskini walibaki na milango iliyofungwa, na wapo waliojifungulia nyumbani kwa sababu hawakuwa na kwingine pa kwenda. Machungu hayo hatuyafichi, wala hatuamini kwamba mgomo wa miezi mitano ni jambo la kushangilia.

Lakini tazameni ulivyomalizwa. Makubaliano ya kurejea kazini yalijaa marupurupu: posho ya uuguzi, posho ya sare. Ni haki yao, sare haijinunui. Swali la muuguzi mmoja kuhudumia wagonjwa wangapi, lile linalomgusa mgonjwa moja kwa moja, halikuwa ndilo shina la makubaliano. Wauguzi walirudi na posho, wakaikuta wodi ile ile, zamu ile ile, na mwenzao mmoja wa usiku.

Hapa tuna neno kwa viongozi wa chama pia. Posho ni rahisi kudai kwa sababu inahesabika kwa shilingi na mwanachama anaiona kwenye payslipu mwisho wa mwezi. Idadi ya wauguzi wodini haionekani hivyo. Ndiyo maana inafaa iwekwe kileleni mwa madai, na isibadilishwe kwa shilingi elfu mbili tatu saa nane za usiku mazungumzo yanapokaribia kuvunjika. Umma uliochoshwa na migomo utasimama na wauguzi siku utakapoona dai la kwanza kwenye orodha ni la mgonjwa.

Waliofuata njia hiyo wapo. Katika jimbo la California, Marekani, chama cha wauguzi kilishinikiza hadi sheria ikatiwa saini mwaka 1999, na tangu 2004 kila hospitali ina kiwango ambacho haiwezi kuvuka: wagonjwa wawili kwa muuguzi mmoja katika chumba cha wagonjwa mahututi, na tangu 2005, watano katika wodi za kawaida. Gavana Arnold Schwarzenegger alipojaribu kuahirisha hatua ya pili, wauguzi walimpeleka mahakamani na kumshinda. Kiwango hicho kina msingi. Utafiti ulioongozwa na Linda Aiken, uliochapishwa mwaka 2002 baada ya kuchunguza hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi huandamana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30.

Tutaambiwa Kenya si California, na ni kweli. Hatudai wagonjwa watano kwa muuguzi kufikia Jumatatu. Tunadai kiwango, hata kiwe cha kuanzia, kilichoandikwa na kutiwa saini na gavana, chenye tarehe ya kukipunguza. Leo hakuna kinachomzuia mkuu wa hospitali kuongeza kitanda cha 25, na cha 26, na wagonjwa wawili wawili kwenye kitanda kimoja, chini ya jicho la muuguzi yule yule.

Wala tusiambiwe wauguzi hawapatikani. Julai 2021 serikali ilitia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka huko wauguzi wa Kenya wasio na ajira. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wahitimu ni wengi kuliko nafasi za kazi. Nafasi za kazi huletwa na nini, kama si bajeti? Wodi zinalia hazina watu, na waliosomea kazi hiyo, wengine kwa ng'ombe na mashamba ya wazazi waliouza, wamekaa nyumbani na vyeti vyao au wanatafuta pasipoti. Walioajiriwa mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote nao walikaa miaka kadhaa kwenye kandarasi, wakaandamana barabarani wakitaka ajira ya kudumu. Kaunti iliyo na pesa za kujenga jengo jipya la hospitali na kulizindua kwa ngoma na hotuba, kisha ikasema haina mishahara ya kuliwekea wauguzi, imejenga jengo tu.

Kuna mambo mawili ambayo hayahitaji hata bajeti, na yanaweza kuanza wiki hii. Kila wodi ya umma ibandike ubao mlangoni, uandikwe upya kila zamu inapobadilishana: wagonjwa wangapi, wauguzi wangapi. Na muuguzi atakayeripoti kwamba zamu yake si salama alindwe, asihamishwe kituo cha mbali kama adhabu. Magavana wanaosema hali si mbaya kama inavyodaiwa watakuwa na ubao wa kuthibitisha maneno yao.

Nawe msomaji, ukienda kumjulia hali mgonjwa wako, muulize sista kwa upole: leo usiku mko wangapi, na wagonjwa ni wangapi? Andika jibu. Kisha mpelekee mwakilishi wadi wako, kwa sababu bunge la kaunti ndilo linalopitisha bajeti ya kuajiri wauguzi, na yeye anakaa humo kwa kura yako.