Mpira wa Mkojo Usikae Bila Sababu

Watu wengi hudhani kuwa mgonjwa aliyetiwa mpira wa mkojo ndiye anayetunzwa vizuri zaidi, kwa kuwa shuka zake ni kavu na hasumbuki kuamka usiku. Fikira hiyo si sahihi.

Mpira huo ni njia iliyo wazi kutoka nje hadi kwenye kibofu, na vijidudu huifuata. Kila siku unapoendelea kukaa, hatari ya vijidudu kuingia katika mkojo huongezeka kwa kiasi cha asilimia 3 hadi 7. Vikifika kwenye figo au damu, mgonjwa aweza kufa kwa maradhi ambayo hakuja nayo hospitalini. Tena mpira humfunga kitandani mzee ambaye angefaa kutembea.

Mara nyingi kosa ni la kusahau tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000, katika hospitali nne za Marekani, ulionyesha kuwa madaktari hawakuwa na habari ya mpira kwa asilimia 28 ya wagonjwa waliokuwa nao. Anayeuona kila saa ni muuguzi. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa katika hospitali 603 za nchi hiyo, ambako haja ya mpira ilikaguliwa kila siku, maambukizo hayo yalipungua kwa karibu theluthi moja katika wodi za kawaida.

Hatusemi kwamba mpira ni adui. Mtu aliyezibwa mkojo, au mahututi ambaye mkojo wake hupimwa kila saa, hana budi kuwekewa. Mama aliyepata uchungu pingamizi huachiwa kwa siku kadhaa makusudi, ili asipate fistula. Lakini kujikojolea peke yake si sababu: kuna bedpani, nepi, na kumpeleka mgonjwa msalani kwa saa maalum.

Nawe ndugu unayeuguza, kila siku muulize muuguzi kwa adabu: "Je, mpira huu bado unahitajika?" Usiuvute mwenyewe, maana ndani ya kibofu una puto lililojazwa maji, nalo laweza kumjeruhi mgonjwa. Mfuko wake uwe chini ya kiwango cha kibofu, usiguse sakafu. Na unawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuushika.

Swali hilo halimdharau muuguzi. Wodi yenye wagonjwa wengi na wauguzi wachache yahitaji macho ya kila mmoja wetu.