Ulevi wa Ngoma na Ulevi wa Chupa

Imekuwa desturi ya siku nyingi kwamba kila fujo inapotokea katika ukumbi wa dansi, lawama hutupwa kwanza juu ya muziki, kisha juu ya bangi, na shauri likaishia hapo. Ukumbi hufungwa kwa majuma mawili, vijana kadhaa hulala rumande, na Jumamosi ya tatu spika hunguruma kama kwamba hapakutokea lolote. Leo tungependa kulitazama jambo hili kwa utulivu zaidi. Tunawaomba ndugu zetu wa Visiwani, ambao wana machungu yao wenyewe kuhusu dawa za kulevya, watuvumilie tukianzia huku bara, katika vumbi la Singida.

Wilayani Mkalama wanaishi Wahadzabe, na ngoma yao iitwayo epeme huchezwa usiku usio na mwezi, mioto ikiwa imezimwa. Mwanamume huingia uwanjani peke yake, njuga mguuni, akipiga kishindo ardhini. Wanawake huitikia kwa wimbo kutoka gizani. Nguvu ya ngoma hiyo haitoki kwenye chupa. Hutoka katika giza, sauti na kishindo kinachorudiwa hadi mwili unatii wenyewe. Kwa upande mwingine, katika vijiji vingi vya mkoa huu, baada ya mtama na uwele kuingia ghalani, ngoma na pombe ya mtukuru vimekwenda pamoja tangu enzi za mababu. Lakini mtungi una kina chake. Anayegawa kata anamjua anayepokea, na pombe inapokwisha, hakuna duka la kukimbilia.

Wataalamu wa siku hizi wamethibitisha jambo ambalo wazee wetu wasingeona haja ya kulipima. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha kwamba muziki unapomfikisha msikilizaji kwenye kilele cha raha, ubongo wake humwaga dopamini, kemikali ile ile inayochochewa na dawa nyingi za kulevya. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford waliwachezesha vijana wa Brazil, wakaona kwamba waliocheza kwa mwendo mmoja walistahimili maumivu zaidi na kujisikia karibu zaidi na wenzao. Ngoma, kwa hiyo, ni ulevi kamili kabla kijana hajatia kitu mdomoni.

Basi kile anachotia mdomoni kinafanya nini? Hapa ndipo maofisa wetu wengi hukosea, kwa kuviweka vitu vyote katika kapu moja. Pombe huondoa haya na kulegeza miguu. Mtu huona anacheza vizuri zaidi wakati anacheza vibaya zaidi. Bangi huvuta muda, wimbo wa dakika tano ukaonekana hauna mwisho, na kila chombo kikasikika peke yake. Mirungi huzuia usingizi na njaa, na kumpa mchezaji saa ambazo mwili wake haukuwa nazo; deni hilo hulipwa kesho yake. Heroini ni jambo lingine kabisa. Aliyeivuta hachezi. Huinamisha kichwa pembeni ya ukumbi, na muziki humpita kama mvua inavyolipita jiwe. Anayedhani kwamba singeli inakimbia kwa sababu wapigaji wake wana kitu kichwani hajawaona wakiwa kazini: mwendo ule wa mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika hutengenezwa kwenye kompyuta, na kuutawala kunahitaji akili timamu.

Kuna tena suala la fedha, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kumbi zetu nyingi huishi kwa bia, si kwa kiingilio. Mwenye ukumbi anataka joto na jasho, kwa kuwa mwenye kiu hununua. Huko Manchester, Uingereza, ukumbi mashuhuri wa Haçienda, uliofunguliwa mwaka 1982, ulijaa pomoni mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini baa yake haikupata kitu, kwa sababu vijana walikuwa wamemeza vidonge vya ekstasi na walitaka maji tu. Ekstasi hupandisha joto la mwili, na mchezaji asiyepumzika aweza kufa kwa joto hilo; wapo pia waliokufa kwa kunywa maji kupita kiasi. Hata hivyo baadhi ya kumbi za nchi hiyo zilifunga mabomba ili ziuze maji ya chupa kwa bei ya juu! Ukumbi wenyewe ulifungwa mwaka 1997. Tangu mwaka 2010 masharti ya leseni nchini humo yanawalazimisha wenye baa kutoa maji ya bomba bure kwa wateja wao.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo ili kuona jinsi ukumbi unavyoweza kuua. Tarehe 1 Oktoba 2008, Sikukuu ya Idd el Fitr, kwa jirani zetu wa Tabora, watoto wapatao 20 walikufa katika disko toto kwa msongamano na kukosa hewa. Hawakuwa walevi. Jibu lililofuata lilikuwa kupiga marufuku disko toto, na kila sikukuu polisi hulikumbusha tangazo hilo, nasi hatulilaumu. Lakini ni kumbi ngapi za watu wazima zilizopimwa milango yake tangu siku ile?

Serikali inapokusudia, inaweza kulenga mahali panapostahili. Marufuku ya pombe kali za viroba, iliyoanza tarehe 1 Machi 2017, haikugusa muziki hata kidogo. Iligusa kile kipakiti cha bei ndogo kilichoingia katika mfuko wa shati la mwanafunzi. Visiwani nako, kliniki ya methadoni iliyofunguliwa Unguja mwaka 2015 imewatendea walioathirika na unga mambo ambayo kufunga disko hakuwezi kuyatenda, maana tumekwisha kusema kwamba mtumiaji wa heroini hatafutwi kwenye uwanja wa dansi. Ukimfukuza mpiga muziki kutoka ufukweni kwa ajili ya unga, muuzaji atakushukuru, kwa kuwa umeelekeza macho ya watu kwingine.

Hatusemi kwamba bangi iachiwe, la hasha. Sheria ya mwaka 2015 ipo na itekelezwe. Tunalosema ni kwamba ofisa anayetia saini kibali cha dansi anapokea ombi lenye jina la bendi, tarehe na ada. Tungependa akatae kutia saini mpaka aandikiwe pia idadi ya watu watakaoruhusiwa kuingia, idadi ya milango inayofunguka kwa nje, saa ambayo baa itafungwa, na mahali lilipo bomba la maji yasiyouzwa. Kisha siku ya dansi, saa sita usiku, aende mwenyewe akahesabu.