Soksi zinazonuka, mbu na kicheko chetu

Mwezi Julai mwaka 2011, shirika la Grand Challenges Canada, lenye makao yake hapa Toronto, lilitangaza kwamba lingeshirikiana na wakfu wa Bill na Melinda Gates kugharamia utafiti uliokuwa ukifanyika Ifakara, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania. Fedha zilizotengwa zilikuwa dola za Marekani 775,000. Utafiti wenyewe ulihusu harufu ya soksi zilizokwisha kuvaliwa.

Habari hiyo ilizunguka dunia kwa siku chache tu, na mara nyingi iliandamana na mzaha. Ni vigumu kuwalaumu waliocheka. Katika bara ambalo zahanati nyingi hukosa dawa, kusikia kwamba fedha kiasi hicho zinakwenda kwenye soksi chafu kunaweza kumfanya mtu acheke, au akasirike, au yote mawili kwa pamoja.

Hata hivyo, aliyecheka na kuishia hapo alikosa sehemu muhimu zaidi ya habari. Ninalijua hilo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwakosesha wasomaji wangu sehemu hiyo.

Mguu na jibini

Chanzo cha kisa hiki ni Uholanzi katika miaka ya 1990. Watafiti wawili, Bart Knols na Ruurd de Jong, walitaka kujua mbu huchagua wapi pa kumuuma binadamu. Mtu aliketi bila nguo, akatulia tuli, mbu wakafunguliwa, na kila mahali walipotua pakaandikwa. Ilibainika kwamba Anopheles gambiae, mbu hatari kuliko wote kwa malaria barani Afrika, hupendelea nyayo na vifundo vya miguu. Miguu ilipooshwa kwa sabuni, mbu walibadili mahali pa kuuma.

Watafiti hao wakajiuliza: je, kinachowavuta ni harufu? Wakakumbuka aina moja ya jibini, iitwayo Limburger, ambayo inasifika kwa kunuka kama miguu. Bakteria wanaoivundisha ni jamaa wa wale wanaoishi katikati ya vidole vyetu. Wakaijaribu, na mbu wakaifuata.

Mwaka 2006 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ig Nobel. Tuzo hizo zilianzishwa mwaka 1991 na Mmarekani Marc Abrahams, na hutolewa kila mwaka kwa utafiti unaomfanya mtu acheke kwanza, kisha afikiri. Wapo wanaoziona kuwa ni dhihaka kwa sayansi. Lakini Andre Geim, aliyepata Ig Nobel mwaka 2000 pamoja na Michael Berry kwa kumfanya chura aelee hewani kwa nguvu ya sumaku, alipata tuzo ya Nobel yenyewe ya fizikia mwaka 2010, kwa kazi nyingine.

Ukurasa wa mwisho

Mwaka huo wa 2006 nilikuwa mhariri wa zamu katika gazeti moja la nyumbani. Taarifa ya mbu na jibini ilipoingia jioni kutoka shirika la habari la kigeni, niliipeleka ukurasa wa mwisho, pale tulipozoea kuweka vituko vya dunia. Nafasi ilikuwa finyu, nikakata aya za chini.

Aya hizo ndizo zilizoeleza kwamba mbu anayezungumzwa ndiye anayeeneza malaria vijijini kwetu, na kwamba ajuaye kinachomvuta mbu anaweza kumtegea. Niliubakiza mguu na jibini. Chumba kizima cha habari kilicheka. Siku hizo hizo mwenzetu mmoja wa kitengo cha uchapaji hakuwa kazini. Alikuwa akimuuguza mtoto wake mwenye malaria. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyaunganisha mambo hayo mawili.

Miaka kadhaa baadaye nililazimika kuihama nchi kwa sababu ya habari nyingine, ambazo nilikataa kuzikata. Hizo nazitetea hadi leo. Ile niliyoikata bila ya kulazimishwa na yeyote ndiyo inayonisumbua.

Kutoka Ifakara hadi Rusinga

Wakati sisi tukicheka, wengine walikuwa kazini. Katika taasisi ya afya ya Ifakara, mtafiti kijana mzaliwa wa Kenya, Fredros Okumu, pamoja na wenzake, walitengeneza mchanganyiko wa kemikali unaoiga harufu ya binadamu. Mwaka 2010 waliripoti kwamba mchanganyiko huo, ukiwekwa katika kibanda cha peke yake, uliwavuta mbu mara 3 hadi 5 zaidi ya mtu aliyelala katika kibanda kingine. Soksi zilizovaliwa zilikuwa njia rahisi zaidi ya kupata harufu hiyo, na ndizo zilizofika hadi Toronto kuomba fedha.

Nchini Kenya, kati ya mwaka 2012 na 2015, watafiti wakiwemo wa kituo cha ICIPE cha Nairobi na chuo kikuu cha Wageningen cha Uholanzi walisambaza mitego yenye harufu kama hiyo, inayoendeshwa kwa umeme wa jua, katika nyumba za kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet. Maambukizi ya malaria yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30 miongoni mwa waliokuwa na mitego, yakilinganishwa na ya wale ambao walikuwa hawajafikiwa bado.

Mitego hiyo haijachukua nafasi ya chandarua wala ya dawa. Lakini kwa ugonjwa ambao mwaka 2023, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, uliwaua watu wapatao 597,000, wengi wao watoto wa Afrika, asilimia 30 si jambo la ukurasa wa mwisho.

Kicheko cha darasani

Huenda msomaji akasema kuwa dharau hii ni ya wageni. La hasha. Mwaka 1963, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba nchini Tanganyika, Erasto Mpemba, aligundua wakati wa kutengeneza aiskrimu kwamba maziwa yake, aliyoyatia katika friza yakiwa moto, yaliganda kabla ya yale yaliyokwisha kupoa. Alipouliza sababu, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Alipoendelea kuuliza katika shule ya Mkwawa, Iringa, swali lake liligeuzwa kuwa mzaha wa darasa.

Mgeni mmoja hakuishia kwenye kicheko: Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam. Alikwenda kulijaribu jambo hilo katika maabara, na mwaka 1969 waliandika makala pamoja. Wanasayansi wangali wanabishana kuhusu maji yenyewe, lakini jina la Mpemba limebaki. Mwaka 2020 lilitajwa tena katika jarida la Nature, pale watafiti wa chuo kikuu cha Simon Fraser, hapa hapa Canada, walipoonyesha kwa majaribio kwamba kitu cha moto kinaweza kweli kupoa haraka kuliko cha vuguvugu.

Nani anacheka, na kwa nini

Kicheko cha mwanafunzi mwenzako kinaumiza. Kicheko cha mwenye mamlaka kinaweza kufunga maabara. Machi 4, 2025, Rais Donald Trump alilisomea Bunge la Marekani orodha ya matumizi aliyoyaona kuwa ya kipuuzi, ikiwemo tafiti za panya, na wabunge wa chama chake wakacheka. Mwaka huo huo ruzuku nyingi za utafiti zilisitishwa, na shirika la USAID, lililokuwa nguzo ya mapambano dhidi ya malaria barani Afrika, likafungwa.

Ni halali kuhoji matumizi ya fedha za umma. Lakini anayehoji husubiri jibu. Anayedhihaki hahitaji kulisikia.

Kwa upande wetu, nchi za Umoja wa Afrika ziliafikiana tangu mwaka 2006 kwamba kila moja itenge asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa ajili ya utafiti. Nyingi hazijafika hapo. Matokeo yake ni kwamba swali kuhusu mbu wa Kilombero husubiri kuidhinishwa Toronto au Seattle, na wakubwa wa huko wakibadili nia, swali hufa kabla ya kujibiwa.

Mdharau mwiba, walisema wahenga, mguu huota tende. Wao hawakujua kwamba matende huenezwa na mbu. Sisi tunajua, kwa sababu mwaka 1877 daktari mmoja aitwaye Patrick Manson, akiwa China, aliona kuwa si kazi ya kipuuzi kuwapasua mbu na kuwachungulia matumboni.