Kabla ya Kuchagua Kioo, Uliza Maji Yatapita Wapi

Mimi ni fundi wa bomba hapa Faza, kisiwani kwetu. Kazi yangu ya kila siku ni matangi ya maji ya mvua, mifereji ya paa na pampu za visima. Lakini tangu mwalimu mmoja aliponijia kuulizia tangi la kioo la kufugia matumbawe na samaki, la kuweka darasani, habari hiyo inanifuata hadi barazani. Vijana wananionyesha picha kwenye simu: tangi la duara, tangi refu jembamba, tangi la kioo kilichopinda mbele. Kila mmoja anataka kujua lipi zuri. Hakuna anayeuliza habari ya ovaflo, yaani mahali maji yanapotokea tangi likijaa, na mimi nasema hapo ndipo pa kuanzia.

Kwenye tangi la paani, ovaflo hungoja siku ya mvua kubwa. Kwenye tangi la matumbawe maji hupita hapo usiku na mchana. Chakula na uchafu wa samaki huacha utando wa mafuta juu ya maji, na utando huo ukikaa, hewa haiingii vizuri na mwanga unafifia. Ukingo wa ovaflo huuteremsha pamoja na maji hadi tangi la chini, lililofichwa kabatini, yanakosafishwa. Kisha pampu huyarudisha juu. Kadiri ukingo ulivyo mrefu, ndivyo utando unavyoondoka vizuri. Kwa hiyo mimi napendelea kisanduku chembamba kilichoenea ukuta mzima wa nyuma, si kile cha pembeni kinachokula nafasi ya samaki.

Nyuma ya kisanduku hicho nataka mabomba matatu. La kwanza lijae maji tele, likidhibitiwa na vali, maana bomba lililojaa halipigi kelele. La pili lipitishe maji machache yanayobaki. La tatu likae kavu. Siku konokono au mwani utakapoziba la kwanza, hilo kavu ndilo litakalookoa sakafu. Wafugaji wa samaki wa Marekani wanauita mtindo huu BeanAnimal, na katika yote niliyoyasoma sijaona unaoushinda kwa usalama.

Sasa tuje kwenye stima. Kituo cha umeme cha Faza kilijengwa kwa mitambo ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, na sote tunajua giza linavyoweza kutukuta bila taarifa. Pampu ikizima, maji ya juu huendelea kuteremka mpaka yafike usawa wa ukingo. Chukua tangi la urefu wa sentimita 120 na upana wa 60: maji yakishuka sentimita 3 tu, ni lita 21 na zaidi zinazokwenda chini. Tangi la chini likiwa limejazwa hadi mdomoni, zitamwagika. Tena mdomo wa bomba la kurudishia maji ukizama sana, bomba hilo nalo litageuka na kuvuta maji kinyume. Dawa yake ni kuuweka mdomo karibu na uso wa maji, au kutoboa kitundu kidogo chini kidogo ya uso ili hewa iingie na kukata mvuto. Kitundu hicho kisafishwe kila mara, kwani mwani hukiziba upesi.

Ndiyo sababu siikubali kabisa ovaflo ya kuning'iniza, ile inayovusha maji kwa bomba lililopinda juu ya ukingo wa kioo. Wanaipenda kwa kuwa kioo hakitobolewi. Lakini hewa ikiingia humo wakati stima imekatika, mvuto unaweza kushindwa kurudi. Stima inarudi, pampu inaanza kusukuma maji juu, na hayana pa kuteremkia. Kwa kisiwa kama chetu, kitu hicho kisinunuliwe.

Umbo la tangi liwe pana na la kina kifupi. Pampu inapozima, samaki hutegemea hewa inayoingia kupitia uso wa maji, na uso mpana unaingiza hewa zaidi. Mwanga hufika chini, na mkono wa mwalimu pia. Gharama ipo: uso mpana hupoteza maji mengi kwa mvuke, hasa upepo wa kaskazi ukivuma, na maji yanayoongezwa ni lazima yawe matamu, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Mahali tunapochota kwenye jabia, birika la maji ya mvua, kila ndoo ina hesabu yake. Kifuniko cha wavu hakitapunguza mvuke huo, kitazuia tu samaki kuruka. Hesabu ya maji ifanywe kabla tangi halijanunuliwa.

Na matumbawe hai yasing'olewe mwambani kwa ajili ya kioo. Joto la bahari la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na yale magumu yamo katika orodha ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara yao ya kimataifa. Natamani sana watoto wetu wauone mwamba, hasa wasichana wasiotoka na mashua kwenda maji ya kina, ambao wanamjua samaki wa mwambani kama kitatange akiwa ameshakufa ndooni tu. Lakini tangi la kuwafundisha lisianze kwa kuubomoa mwamba wenyewe.

Kwa hiyo mwalimu, au mwenye hoteli, au mzazi: kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, mwambie azime pampu mbele yako. Kaeni pamoja mpaka maji yatulie, mpime nafasi iliyobaki tangi la chini, kisha aiwashe tena. Kama sakafu ni kavu mara zote mbili, mlipe.