Kutazama Alama si Kulipa Deni

Katika kijiji nilikofundisha kwa miaka kumi na moja kulikuwa na duka moja tu, na mwenye duka alikuwa na daftari la madeni lenye jalada jeusi. Kila aliyekopa sukari au mafuta ya taa aliandikwa humo. Mshahara ulipofika, sisi walimu tulikwenda, tukasoma jina, tukalipa, na deni likapigwa mstari. Hakuna aliyekwenda kulichungulia daftari lile kila asubuhi akidhani kwamba kulichungulia kunapunguza deni.

Nililikumbuka mwaka 2023, nilipokwenda Marekani kumtembelea binti yangu anayefanya kazi ya uuguzi Minnesota. Kwake alikuwa akiishi mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na minane, aliyetaka kununua gari kwa mkopo akakataliwa. Huko mkopaji hupewa alama, kwa kawaida kati ya 300 na 850, na alama hiyo husema kama utakopeshwa na kwa riba gani. Yake ilikuwa ya chini. Wenzake wakamshauri ajiunge na huduma ya bure ya kuangalia alama kwenye simu. Akajiunga, na tangu siku hiyo akawa anaitazama kabla hajanawa uso.

"Mjomba, imepanda nne." Kesho yake, "Mjomba, imeshuka sita."

"Na umelipa nini tangu jana?" nikamwuliza. Akacheka, akadhani ni utani wa wazee.

Haukuwa utani. Nimewaona wanafunzi wa namna hiyo maisha yangu yote: hawatoki kwenye ubao wa matokeo, ilhali daftari la hesabu halijafunguliwa.

Sasa tuseme juu ya hilo neno "bure". Huduma hizi nyingi hulipwa na mabenki na makampuni ya kadi za mkopo, pale wewe unapochukua kadi au mkopo walioutangaza. Basi fikiri mwenyewe, ndugu msomaji: anayejidai kukusaidia utoke kwenye madeni anapata chakula chake siku unapokopa tena. Mwaka 2022 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliishtaki Credit Karma kwa kuwaambia watu kwamba wamekwisha kuidhinishwa kupata kadi, na kumbe kwa matangazo mengi karibu theluthi moja ya walioomba walikataliwa. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 3. Na mwaka 2017 Equifax na TransUnion, watunzaji wenyewe wa kumbukumbu za mikopo, waliamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 23 kwa kuwapotosha watu juu ya alama walizowauzia na gharama zake.

Mpwa wangu naye, kwa huduma ambayo sitaitaja, aliletewa kadi mbili zilizosemwa kwamba zinamfaa mno. Akaomba zote mbili, akakataliwa zote mbili. Kujitazama mwenyewe hakupunguzi alama, hilo ni kweli. Lakini kuomba mkopo huweza kuipunguza, na maombi yale hukaa kwenye kumbukumbu miaka miwili. Huo ndio msaada alioupata.

Nasikia nikijibiwa kwamba huduma hizi humpa mtu habari mapema endapo mwizi amekopa kwa jina lake. Nakubali, kwa kazi hiyo zinafaa, mradi usiguse tangazo hata moja. Lakini mlango uliofungwa ni bora kuliko mbwa anayebweka: tangu Septemba 2018 sheria ya huko inamruhusu kila mtu kufunga kumbukumbu zake bila malipo, asiweze mwingine kukopa kwa jina lake.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba haki yenyewe ipo na haitumiki. Sheria ya mwaka 2003 iliwapa watu taarifa kamili ya mikopo yao bure kila mwaka kutoka kwa watunzaji wote watatu, Equifax, Experian na TransUnion, na mwaka 2023 watunzaji hao walitangaza kwamba taarifa za bure za kila wiki zitakuwa za kudumu. Hazina matangazo ya kadi. Zina jambo refu la kusoma, na labda ndiyo maana watu wanazikwepa.

Tulizichapa, tukakaa mezani na kalamu nyekundu, maana sijui kusahihisha kwa nyingine. Ukurasa wa tatu tukakuta deni la simu katika mji ambao kijana hajapata kuishi, la mtu mwenye majina mawili kati ya matatu yake. Miezi yote ile ya kutazama namba hakuwahi kulisoma. Tukaandika pingamizi, na kabla ya siku thelathini likafutwa. Mengine yalikuwa yake kweli: kadi moja iliyojaa hadi ukomo, na malipo mawili yaliyochelewa. Katika alama ya FICO, inayotumiwa na wakopeshaji wengi, kulipa kwa wakati ni asilimia 35, na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Nikamwandikia tarehe za kulipa kwenye karatasi, akaibandika juu ya friji.

Huduma yake ya bure bado anayo. Juma lililopita amenipigia simu kuniambia imepanda kumi na moja. Nikamwuliza swali lile lile, na safari hii alikuwa na jibu: kadi imebaki dola mia mbili.